Fundi Aliyevuka Barabara: Historia ya Kubadilisha Plagi Nairobi

Injini ikianza kukohoa asubuhi katika mtaa wa Lavington, Kileleshwa au Loresho, mwenye gari kwa kawaida hafungui boneti mwenyewe, na mara nyingi hata gereji haendi. Hupiga simu. Fundi huja kutoka Kawangware au Kangemi na begi la spana begani, akafanya kazi palepale kwenye maegesho ya nyumba, na haupiti muda mrefu kabla plagi nne kuukuu hazijatoka na nne mpya kuingia. Desturi hii imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuliza ilitoka wapi. Ukimuuliza mtu wa Nairobi atakujibu upesi: ni umaskini. Fundi hana gereji kwa sababu hana mtaji, na mwenye gari humwita kwa sababu bei yake ni nafuu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi, na kwa miaka mingi limewanyima mafundi hawa nafasi wanayostahili katika historia ya jiji. Naona desturi hii ilizaliwa na mambo mawili yaliyokutana. La kwanza ni ramani ya Nairobi, iliyowatenga wenye magari na wenye kufanya kazi, kisha ikawaacha wakipakana kwa upana wa barabara moja. La pili ni kazi yenyewe ya plagi, ambayo vyombo vyake hubebeka mkononi ilhali elimu yake ni pana.

Tuanze na kazi hiyo. Plagi hurusha cheche ndani ya silinda ili mchanganyiko wa petroli na hewa uwake kwa wakati wake. Mwaka 1902 mhandisi Gottlob Honold wa kampuni ya Bosch, huko Ujerumani, aliiunganisha plagi na magneto yenye umeme wa nguvu kubwa, na tangu hapo umbo lake halijabadilika sana: meno ya chuma ya kuifunga kwenye kichwa cha injini, kauri nyeupe ya kuzuia umeme usipotee njiani, na ncha mbili zinazotazamana kwa pengo dogo ambalo kwa magari mengi huwa karibu na milimita moja. Kuibadilisha hakuhitaji jeki, wala shimo la kuingia chini ya gari, wala mashine. Kunahitaji spana ya plagi, kipande cha kuirefusha, kipimo cha pengo na mkono wenye adabu. Injini iachwe ipoe. Vumbi lililozunguka tundu lipulizwe kwanza, lisije likaangukia ndani ya silinda. Plagi mpya ianzwe kufungwa kwa vidole, bila nguvu, mpaka ikae. Ndipo, kwa plagi yenye washa, spana iongeze nusu ya mzunguko, isizidi theluthi mbili. Anayekaza kupita hapo hung'oa meno ya kichwa cha aluminiamu, na kazi ya bei ndogo ikazaa gharama ya kufungua injini.

Lakini elimu kubwa zaidi iko kwenye plagi iliyotoka. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu huonyesha kwamba injini inachoma vizuri. Masizi meusi makavu husema petroli imezidi hewa. Unyevu wa oili unaong'aa husema ringi za pistoni au sili za vali zimechoka. Weupe wenye malengelenge ni dalili ya joto lililopita kiasi. Fundi huitazama ncha hiyo kama daktari anavyotazama ulimi wa mgonjwa, na akizipanga plagi nne kwa utaratibu zilivyotoka, anajua ni silinda ipi yenye shida kabla hajagusa kitu kingine. Hapa ndipo ilipo siri ya kazi hii katika historia ya Nairobi. Kufungua injini nzima kulihitaji karakana, winchi na mtaji. Kusoma plagi kulihitaji macho na mwalimu mmoja tu. Maarifa yangeweza kutoka karakanani na kwenda na mtu nyumbani.

Karakana zenyewe zilikuwa za wengine. Reli ilifika Nairobi Mei 1899, na miaka 20 baadaye, mwaka 1919, wenye magari walikuwa wengi kiasi cha kuunda chama chao cha Afrika Mashariki, ambacho leo tunakijua kama AA Kenya. Magari hayo yalikuwa hasa ya Wazungu, na baadaye ya Waasia wenye biashara. Ufundi ulishikwa kwa sehemu kubwa na Wahindi, hasa Makalasinga, waliokuwa na sifa ya kufua na kutengeneza chuma. Miongoni mwao alitoka Joginder Singh, fundi aliyegeuka dereva na kushinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976. Mwafrika aliingia katika kazi hii kwa mlango wa nyuma: kushika taa, kuosha vyuma kwa petroli, kupokeza spana. Serikali ya kikoloni ilifungua kituo cha kuwafunza Waafrika ufundi huko Kabete mwaka 1924, upande uleule wa magharibi wa Nairobi, lakini nguvu yake ilikuwa kwenye uashi, useremala na uhunzi. Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyofungua mlango zaidi, kwa kuwa jeshi lilihitaji madereva na mafundi wengi wa malori, na halikuweza kuwapata bila kuwafundisha Waafrika. Waliporudi, wengi waliajiriwa kuendesha magari ya watu wengine. Dereva wa aina hiyo, aliyelala katika chumba cha watumishi nyuma ya nyumba ya bwana wake, alitarajiwa kuliosha gari, kuliangalia maji na oili, na kuhakikisha linawaka asubuhi. Tangu enzi hiyo gari lilishughulikiwa nyumbani, na aliyelishughulikia hakuwa mwenyewe.

Sasa tuitazame ramani. Mpango mkuu wa jiji wa 1948 ulirithi na kuendeleza mgawanyo uliokuwapo: Wazungu kwenye miinuko ya magharibi na kaskazini, Waasia Ngara na Parklands, Waafrika mashariki. Kwa hesabu ya mpango huo, aliyeishi Kilimani na aliyeishi Pumwani wangetenganishwa na jiji zima. Lakini upande wa magharibi ramani ilikuwa na mshono. Mashamba na nyumba za Wazungu ziliishia pale ilipoanza ardhi ya Wakikuyu ya Dagoretti, ambayo wakati huo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Kiambu. Mipaka ya jiji ilipopanuliwa mwaka 1963, Dagoretti iliingizwa ndani, pamoja na Kawangware, Riruta, Kangemi na Uthiru. Ardhi hiyo ilikuwa ya familia, si ya baraza la jiji, na wenyewe wakajenga vyumba vya kupangisha. Wahamiaji kutoka Kiambu, Murang'a, Magharibi na Nyanza walipata makazi hapo, karibu na kazi. Ndiyo maana leo Kawangware inatazamana na Lavington, na Kangemi inatazamana na Loresho na Mountain View. Hapo wingi wa magari na wingi wa mikono ya kuyatengeneza uliwekwa karibu sana bila mtu yeyote kupanga hivyo. Fundi wa Kawangware hakuhitaji matatu kumfikia mteja wake. Alivuka barabara.

Hapa ndipo maelezo ya umaskini yanapoanza kulegea. Kama uhaba wa pesa wa mwenye gari ndio ulioizaa desturi, tungetarajia iwe imara palipo na wenye magari makuukuu na mifuko mitupu, na ididimie palipo na wenye uwezo wa kulipa gereji za makampuni. Eastlands ina mafundi wengi, bila shaka. Lakini safu za mafundi wa Dagoretti Corner, za Barabara ya Naivasha na za pembezoni mwa Waiyaki Way zilikua kwenye kingo za baadhi ya mitaa yenye pesa nyingi kuliko yote nchini. Wateja wao ni pamoja na mawakili, wahadhiri na maafisa wa serikali. Watu hao walimwita fundi kwa sababu yuko karibu, anakuja haraka, na wanamwona akifanya kazi mbele ya macho yao. Bei ilisaidia, ila jirani ndiye aliyeipata kazi.

Fundi huyo hangeweza kufanya lolote bila vipuri, na vipuri vilitoka katikati ya jiji. Barabara ya Kirinyaga, karibu na Mto Nairobi, ilipewa na wakoloni jina la Ewart Grogan, mlowezi ambaye mwaka 1907 aliwachapa viboko hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, Waafrika waliokuwa wakivuta riksho. Wafanyakazi wa usafiri waliadhibiwa mbele ya umati ili wajue mahali pao. Baada ya uhuru barabara ilibadilishwa jina, na taratibu ikawa soko kuu la vipuri vya magari na makao ya mafundi, ingawa mpaka leo wengi wanaliita eneo hilo Grogan. Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967 iliharakisha mabadiliko hayo, kwa kuwabana wafanyabiashara wasio raia na kuwafungulia Waafrika maduka ambayo hapo awali hawakuyapata. Kisha mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi, na kundi kubwa la magari makuukuu likawa kazini kuanzia alfajiri hadi usiku. Gari la aina hiyo halingoji miadi ya gereji. Mahitaji yake yalilisha maduka ya Kirinyaga na yalifunza vijana wengi kazi, wakiitwa spanaboi. Kutoka hapo mnyororo ulikamilika: vipuri na mafunzo katikati ya jiji, wateja magharibi, na fundi akitembea baina yao akiwa na plagi mfukoni.

Kuna ushahidi mwingine, na huu uko ndani ya injini. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Injini ya kabureta iliyorekebishwa pwani, ikifika Nairobi, hupata petroli ileile kwa hewa pungufu, na plagi zake hupata masizi. Dawa haikuwa kununua plagi mpya pekee. Kabureta ilipaswa kubanwa, na plagi ilisomwa tena baada ya siku chache kuona kama rangi imekuwa ya kahawia. Petroli nayo ilikuwa na risasi, ambayo iliacha utando kwenye kauri na kuipunguzia plagi maisha, mpaka nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Halafu kukawa na uchakachuaji wa mafuta kwa mafuta taa, tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa ili kulikomesha. Fundi aliyejua kusoma plagi alikabiliana na mambo hayo yote: mwinuko, risasi, mafuta machafu. Maarifa yake yalichongwa na mahali hapa. Aliyafundishwa kwa mkono na aliyemtangulia, akayapima kwa injini zilizokuwa mbele yake, na mteja aliyerudi ndiye aliyekuwa mtihani wake.

Pingamizi la kwanza ni zito, na halifai kupuuzwa. Husemwa kwamba mafundi hawa huharibu magari: wanasugua plagi kwa brashi ya waya, wanakaza kwa nguvu, wanafunga plagi bandia na kulipisha bei ya halisi. Yote haya hutokea. Brashi ya waya huacha chembe za chuma kwenye kauri, na umeme ukapata njia ya mkato. Plagi bandia zimeuzwa kwa wingi, na ni biashara za namna hiyo zilizolifanya Bunge kupitisha sheria dhidi ya bidhaa ghushi mwaka 2008. Lakini tuwe waangalifu na hukumu. Kusafisha plagi na kuirudisha hakukubuniwa Kawangware. Kwa miongo mingi gereji za Ulaya na Marekani zilikuwa na mashine za kuzisafisha kwa mchanga na hewa ya shinikizo. Fundi wa Nairobi aliendeleza desturi iliyokubalika, kwa vyombo alivyonavyo, wakati plagi ya kigeni ilikuwa ghali. Na bidhaa ghushi hazitengenezwi na fundi. Humfikia kama zinavyomfikia mteja, naye hupoteza jina gari likirudi likikohoa vilevile. Fundi mbaya yupo katika kila kazi. Tofauti ni kwamba fundi mbaya wa gereji kubwa amefichwa na ukuta, na huyu wa nyumbani anatazamwa.

Pingamizi la pili linatoka upande wa mwenye gari. Wapo wanaosema desturi hii imetufanya wategemezi, kwamba mtu aliyesoma hadi chuo kikuu anapaswa kuweza kufungua plagi nne mwenyewe kama wafanyavyo wengi ughaibuni. Nakubali kwamba kila mwenye gari anapaswa kuijua kazi hiyo kwa macho, na ikiwezekana kwa mkono. Asiyejua rangi ya plagi nzima ndiye anayeuziwa plagi ambazo hakuzihitaji. Ila tusisahau kwamba desturi ya ughaibuni ilizaliwa na hali zake: saa ya kazi ya fundi ni ghali mno, nyumba nyingi zina banda la gari, na spana zimejaa madukani kwa bei ya mshahara wa kule. Hapa saa ya kazi ya fundi ni nafuu na spana nzuri ni ghali. Kumwita jirani mwenye ujuzi na kumlipa haki yake hakuna aibu yoyote. Aibu ni kumwita, kufaidi elimu yake, kisha kuiita kubahatisha.

Pingamizi la tatu ni la wakati. Magari ya sasa, wanasema, hayana distributa wala kabureta. Kila plagi ina koili yake, kompyuta hupanga cheche, na plagi za iridiamu huhimili kilomita 100,000 au zaidi. Kwa hiyo historia hii imefika mwisho. Mtazamo huu unasahau magari yetu yanakotoka. Baada ya vikwazo vya fedha za kigeni kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika kutoka Japani yalimiminika, na kanuni ya Kenya haikubali gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Magari mengi basi huingia yakiwa yamekaribia kikomo hicho, yaani yakiwa yametumia sehemu kubwa ya maisha ya plagi zake za kiwandani. Vitz au Probox inayotoka bandarini Mombasa leo itahitaji plagi mapema katika maisha yake ya Kenya. Fundi naye hajasimama. Wengi sasa hubeba kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari pamoja na spana ileile, na wanajua kwamba koili ikihamishwa kutoka silinda moja hadi nyingine na tatizo likaifuata, basi plagi haina hatia. Magari ya umeme yatakapotawala barabara, kazi ya plagi itaisha kweli. Siku hiyo haijafika.

Sera za serikali zimemwangalia fundi huyu kwa jicho moja tu. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972 ilisema wazi kwamba kazi ndogondogo za mijini zilikuwa za uzalishaji na zilistahili kusaidiwa badala ya kusumbuliwa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa chuma wa Kamukunji na kuagiza wajengewe vibanda. Waraka wa Bunge wa 1992 na Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Zaidi ya 2012 ziliendeleza wazo hilo: ardhi, vibanda, mikopo, usajili. Hatua hizo zilikuwa njema, lakini zote zilimfikiria fundi aliye na mahali pamoja. Fundi wa plagi wa upande wa magharibi hufanya kazi mahali pa mteja. Kibanda hakimtambulishi, kinachomtambulisha ni anachokijua. Ndiyo maana nimeshikilia kwamba historia yake isomwe kama historia ya elimu, na umaskini uwe sehemu ya hali aliyofanyia kazi, usiwe jina lake.

Tukikubali hivyo, yapo ya kufanya. Mtihani wa ufundi wa serikali, wa daraja la tatu hadi la kwanza, pamoja na utaratibu mpya wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, unapaswa kumfuata fundi huyu Kawangware na Kangemi, umpime kwa plagi na injini halisi, kwa lugha anayofanyia kazi, na kwa ada anayoweza kuimudu. Wapangaji wa jiji, wanapopanua barabara na kujenga magorofa kwenye nyumba za zamani za Kileleshwa, wakumbuke kwamba maegesho yanayokataza fundi kuingia yanavunja uhusiano wa kikazi uliodumu kwa vizazi. Na mwenye gari ana wajibu wake mdogo: asimame karibu, aombe kuonyeshwa plagi zilizotoka, aulize kila rangi ina maana gani, na alipe bila kuvutana kana kwamba analipia nguvu za mikono tu. Mafundi hawa walijifunza bila kufunguliwa mlango wa mbele, na jiji limetembea kwa kazi yao. Kuwapa cheti na malipo ya haki ni deni ambalo Nairobi inaweza kulilipa wangali kazini.